Mkojo Mwekundu, Macho ya Manjano

Mume wangu alikuwa mchimbaji wa kushuka chini. Sisemi alifanya kazi mgodini, kwa sababu hapa Bugarama ukisema hivyo watu wanadhani ni mmoja wa wale wa mgodi mkubwa, wanaofuatwa na basi asubuhi. Yeye alikuwa wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alishuka kwa kamba, tochi kichwani, na jioni alipanda akiwa mweupe pe kwa vumbi la mawe. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani pa duka la vipuri vya pikipiki, na sare nyingi za shule unazoziona barabarani asubuhi zimepita mikononi mwangu. Mimi ni Msumbwa, yeye ni Msukuma, na watoto wetu wanatukana kwa lugha zote mbili.

Kikohozi chake kilianza kama kikohozi cha kila mchimbaji. Hakuna aliyekishangaa. Wenzake wote walikuwa wanakohoa, ukipita karibu na maduara asubuhi utasikia wanavyopokezana. Kilichonishtua mimi ni suruali. Alikuja siku moja akaniambia nimpunguzie kiunoni, nikapunguza huku nikimtania kwamba dhahabu imemnyonya. Alipoileta tena sikutania. Niliweka futi ya kupimia shingoni, nikamwambia, "Baba watoto, mimi nashona nguo, sishoni mtu anayepungua. Kesho tunakwenda kupima."

Alikataa, kama wanaume wa maduara wanavyokataa. Alisema ni vumbi, alisema ni baridi ya chini, alisema akinywa maziwa litapita. Lakini usiku alikuwa analowesha shuka kwa jasho, na asubuhi ni mimi niliyekuwa naianika. Shuka lile ndilo lililomshinda. Nililishika mbele yake, likichuruzika. Akavaa viatu.

Kituo cha afya kina nesi wa kifua kikuu, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi. Alimpa kikopo cha makohozi, akatuelekeza, na majibu yalipotoka alitukalisha wote wawili kwenye benchi la nje, penye upepo.

"Ni TB," alisema. "Inatibika, na dawa zake hazinunuliwi. Miezi sita. Lakini miezi sita ni safari, na kwenye safari hii mgonjwa haendi peke yake. Nani atamwona akimeza kila siku?"

"Mimi," nikasema.

"Basi wewe sikiliza kuliko yeye, maana yeye sasa hivi hanisikii."

Kweli hakuwa anasikia. Alikuwa anatazama mikono yake. Mimi nilisikiliza kama ninavyomsikiliza bi harusi anayeeleza gauni lake, kwa sababu kosa likitokea hulijui mpaka siku yenyewe.

Nesi alisema hivi, na maneno yake nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku ile: "Dawa ina maudhi, na dawa ina hatari. Msichanganye. Maudhi ni kama kichefuchefu kidogo, viungo kuuma, na mkojo kubadilika rangi uwe mwekundu. Hayo yanaudhi lakini hayaui. Njoo uniambie, tutayatafutia njia, ila usiache dawa. Hatari ni nyingine. Ukiona macho yamegeuka manjano, anatapika hadi maji hayakai, ngozi imetoka vipele mwili mzima, au anasema haoni vizuri, hapo usingoje tarehe ya kliniki. Unakuja siku hiyohiyo. Na si wewe wala yeye mwenye ruhusa ya kuamua dawa ipi ibaki na ipi itoke. Kazi yenu ni kuona na kusema. Kuamua ni kazi yetu."

Sisi wengine pia tulipimwa, na mtoto wetu mdogo akapewa dawa ya kumkinga. Tulirudi nyumbani na vidonge vikubwa vya rangi ya udongo wa kichuguu. Asubuhi iliyofuata mume wangu alivimeza mbele yangu na maji ya mtungini, akaenda zake kuota jua.

Haikupita muda mrefu akarudi kutoka chooni, uso umesawijika.

"Mama watoto, nakojoa damu."

"Sio damu. Ni rangi ya dawa. Tuliambiwa jana."

"Mimi najua damu ilivyo!"

"Na mimi najua rangi ilivyo. Hata kitambaa kipya kinachuja rangi kikifuliwa."

Hakucheka. Mchana huo akaja mwenzake wa kamba, yule ambaye kwa miaka walikuwa wakishikiana maisha, mmoja akishuka mwingine anashika juu. Alikuwa mtu mwema, mkohoaji naye. Aliposikia habari ya mkojo akakaa chini kabisa, akashusha sauti.

"Shemeji, hizo dawa nazijua," akaniambia. "Nilipewa kule Geita. Nikaona mkojo ule ule. Zinakamua damu ya mtu. Nikaziacha, na mpaka leo niko hai."

"Uko hai unakohoa," nikamjibu.

Lakini nilimwona mume wangu anavyomtazama. Mke anasema dawa ni salama, na mtu aliyemshikia kamba anasema dawa inaua. Ukiwa shimoni unamwamini aliyeshika kamba. Nilijua nikibishana pale nitashindwa, kwa hiyo sikubishana. Nilifunga cherehani, nikawaambia wote wawili, "Twendeni tukamuulize mwenye dawa zake." Yule mwenzake akasema ana kazi. Mume wangu akapanda bodaboda na mimi.

Nesi hakutucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka kesho. Alimwuliza mume wangu mkojo ulikuwaje alipoamka, kabla ya kumeza. Akasema ulikuwa wa kawaida. Na baada ya kumeza? Mwekundu. Na sasa hivi? Akaenda chooni, akarudi, akasema umepauka kidogo.

"Umeona?" nesi akasema. "Unakolea ukishameza, halafu unapauka siku inavyokwenda. Damu haifuati saa za vidonge. Hata jasho lako litakuwa na rangi hiyo, hata machozi. Usivae shati jeupe. Ila mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, muda wote, hata kabla hujameza, hilo ni jambo lingine. Hapo unitafute."

Tulipofika nyumbani mume wangu alivua fulana, akaitazama kwapani penye doa la rangi ya chungwa. Akaniangalia.

"Kwa hiyo dawa inafanya kazi," akasema. "Inapita mwili mzima."

Kuanzia siku ile ilikuwa kama amepewa jukumu. Alikuwa anameza kabla sijamkumbusha. Akiniona nimechelewa kuja na maji, ananiita: "Msimamizi! Mgonjwa wako anangoja!" Miguu ilipoanza kumwaka moto kwenye nyayo, kama mtu anayekanyaga majivu, hakuacha dawa na hakunyamaza. Alikwenda mwenyewe kwa nesi akaeleza. Akapewa kidonge kidogo cha vitamini cha kumeza pamoja na vile vikubwa, na moto ukapoa taratibu. Alirudi akitamba. "Nimeeleza mwenyewe," aliniambia. "Nikamwambia unaanzia kwenye vidole. Akaniuliza maswali, nikajibu yote." Huyu ni mtu ambaye zamani akienda zahanati anasema "naumwa" basi, kama vile kueleza zaidi ni kulalamika.

Kikohozi kikapungua. Shuka zikawa kavu. Akaanza kudai chakula, na nikampikia anavyopenda, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga asubuhi, ugali na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, mchana. Watu wakaanza kusema amerudi.

Halafu ikafika Jumapili moja. Nilikuwa nimempelekea uji pale nje alipokuwa amekaa, jua limeshatoka vizuri. Akausogeza pembeni. Alikuwa amekosa hamu kwa siku kadhaa, na mimi niliweka hilo kwenye fungu la maudhi. Akainuka ghafla, akatapika pembeni mwa ukuta. Aliponigeukia kupokea maji, jua lilimpiga usoni, nikaona macho yake.

Mimi nafanya kazi na rangi. Mteja akiniletea kitambaa cheupe na uzi mweupe, naweza kumwambia kama ni weupe mmoja au ni weupe wawili. Macho yale hayakuwa meupe. Yalikuwa na umanjano, kama shati lililokaa sandukuni muda mrefu.

"Nitazame," nikamwambia. "Geukia juani. Fungua macho." Akafungua. "Mkojo wa asubuhi ulikuwaje, kabla hujameza?"

Akafikiri. "Mweusi," akasema. "Nilidhani ni rangi ya jana imebaki."

Vidonge vya siku ile vilikuwa kwenye kisahani, juu ya kigoda. Akanyoosha mkono avichukue. Nikauweka mkono wangu juu ya kisahani.

"Unafanya nini?"

"Ngoja kwanza."

"Mimi sijaruka hata mara moja," akasema kwa hasira. "Hata siku hizi nilizokosa hamu sijaruka. Wewe ndiwe uliyenisimamia. Leo ndiwe unanizuia? Unataka niwe kama wale walioacha?"

"Sikuzuii. Nakwambia tuulize kabla hujameza. Vidonge haviozi kwa dakika tano."

Nilimpigia nesi simu. Ilikuwa Jumapili, nilisikia kwaya nyuma yake, halafu nikasikia akitoka nje. Nikamweleza: macho, matapishi, mkojo mweusi kabla ya kumeza. Hakuniuliza kama nina uhakika.

"Asimeze vya leo," akasema. "Mleteni sasa hivi, nami nakuja. Na mje na kila kitu anachomeza. Kila kitu. Hata kama ni cha kuchemsha, hata kama ni cha dukani, hata kama alipewa na mchungaji."

Nikachukua kikapu, nikatia vidonge vya TB na vile vya vitamini. Nikamwuliza mume wangu, "Kuna kingine?"

Akageukia mlango. Nikamwuliza tena, taratibu, kwa sababu niliona si mtu wa kufokewa saa ile. Akaingia ndani, akatoka na vitu viwili. Kimoja kilikuwa vidonge vya maumivu vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, alivinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti. Kingine kilikuwa chupa ya maji ya kahawia yenye harufu ya mizizi.

"Hii mama aliniletea," akasema. "Ya nguvu. Aliona nimekonda sana."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotuletea michembe, vile viazi vikavu."

Niliweka chupa kwenye kikapu, nikaizungushia kanga isimwagike.

Nesi alipomwona tu alipiga simu kuomba rufaa, na siku hiyohiyo tulipata gari la kutupeleka hospitali kubwa mjini Shinyanga. Njia nzima mume wangu aliegemea dirisha. Tulipopita mashamba ya pamba karibu na mji, akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Kama si macho," alisema, "ningemeza."

"Najua."

"Ningemeza nikijisifu."

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye utaratibu. Alimtazama macho, akamgusa chini ya mbavu upande wa kulia, akatuma damu maabara. Kisha akaomba kikapu. Akatoa kimoja kimoja, akavipanga mezani. Alipofika kwenye chupa ya mizizi akauliza, "Hii ina nini?"

Hakuna kati yetu aliyejua. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari akaandika kwamba haijulikani, na majibu ya damu yalipotoka akatuambia hali ya ini si nzuri. Ini limechoka. Lilikuwa linachambua dawa kali za TB, ambazo zenyewe tu zinaweza kulisumbua ini la mtu mmoja na la mwingine zisiliguse, na juu yake likabebeshwa vidonge vya magoti na hiyo mizizi.

"Kama karasha," mume wangu akasema ghafla. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. "Watu watatu wakimwaga mawe yao kwa pamoja, linakwama. Na huwezi kujua ni jiwe la nani."

Daktari akaacha kuandika. "Ndivyo hasa. Kwa hiyo tunazima mashine kwanza. Tunasimamisha dawa zote."

Hapo ndipo mume wangu alipolia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku duara lilipoanguka na kumzika jirani yetu. Machozi yalimtoka, akasema ameharibu, kazi yote imepotea, sasa amekuwa mtu aliyeacha dawa.

Daktari alivuta kiti akakaa, macho kwa macho naye. "Mzee, sikiliza. Anayeacha ni yule anayeamua peke yake nyumbani. Wewe hujaacha. Sisi ndio tumesimamisha, na sisi ndio tutakaoanzisha tena, moja baada ya nyingine, tukipima. Ungemeza leo na kesho na keshokutwa kwa ubishi, pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine na mkeo."

Alilazwa. Nilimpigia mama mkwe wangu kijijini, nikamwambia mwanawe yuko hospitali, aje. Sikumwambia habari ya chupa. Ni mama mzima, anasifika kijijini kwa mizizi yake, wanawake wengi wamejifungua salama mikononi mwake. Nilihofia nikimwambia kwenye simu ataona nimemshtaki.

Alifika asubuhi, na kapu kichwani, vumbi miguuni. Nikapiga goti nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akaenda moja kwa moja kitandani, akamfunua mwanawe kope kwa kidole gumba. Akatazama. Akageuka kwangu, akaniuliza kwa Kisukuma kama bado anakunywa ile dawa yake.

Nikamwambia ilikuwa pamoja na za hospitali, na vidonge vya magoti, vyote kwa wakati mmoja. Na daktari hajui ndani yake mna nini.

Niliona anafikiri, na nilifikiri atakasirika au ataondoka. Badala yake akauliza, "Huyo daktari yuko wapi?"

Nilikwenda naye. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi sokoni, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani. Alisimama wima mbele ya yule kijana, akataja mizizi yote, mmoja baada ya mwingine, na ganda la mti gani, na kiasi gani cha maji, na alichemsha kwa muda gani. Palipokuwa na jina nisilolijua kwa Kiswahili, alieleza mti unaota wapi na maua yake yakoje, na muuguzi mmoja Msukuma akatusaidia. Hakuficha hata mmoja. Kisha akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno:

"Bugota bwangu, dawa yangu, sijaipika kwa ubaya. Lakini sikuuliza mwanangu anameza nini kingine. Mtu akija kwangu kijijini huwa nauliza. Kwa mwanangu mwenyewe sikuuliza. Sasa nimekwambia wewe, umtibu."

Daktari aliinuka. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo mama. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Wengi wananificha, na mimi natibu gizani."

"Marahaba," mama mkwe akasema, hilo alilijua vizuri.

Nimeishi na mama yule kwa ndoa yangu yote, tumegombana kwa mambo ya kuku na mambo ya watoto, lakini siku ile pale wodini nilijisikia kama mimi ndiye niliyemzaa. Mwanamke ambaye heshima yake yote kijijini ni mizizi yake, aliiweka mezani mbele ya kijana mwenye koti jeupe kwa sababu mwanawe alihitaji hivyo, wala hakuinama alipofanya hivyo.

Macho yakaanza kusafika. Sikuamini mwanzoni, nilikuwa namtoa nje kwenye jua kila asubuhi nimwangalie. Damu ilipimwa tena na tena, na ini lilipotulia, daktari akaanza kurudisha dawa, moja peke yake kwanza. Mume wangu aliipokea mkononi, hakuimeza. Akaitazama.

"Hii ni ipi?"

Muuguzi akamwambia jina lake.

"Ndiyo ile ya mkojo mwekundu, au ile ya miguu?"

"Ya mkojo."

"Nikiona nini nikuite?"

Muuguzi akamweleza. Akaitikia kwa kichwa, akameza. Siku waliyoongeza nyingine akauliza vilevile. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kucheka, wakamwita Mkaguzi. Halafu nikasikia mzee wa kitanda cha pili, mwenye kisukari, amepewa kidonge chake naye anauliza, "Na hiki je, namezea chakula au bila chakula?" Muuguzi akamtazama mume wangu, akatikisa kichwa, akitabasamu. Akamjibu mzee.

Dawa moja haikurudishwa. Daktari alisema hiyo ndiyo aliyoishuku kuliko nyingine, kwa hiyo alibadilisha mpangilio, na safari ikawa ndefu kuliko miezi sita tuliyoahidiwa. Mume wangu hakunung'unika. Tuliporudi Bugarama, chupa za mizizi hazikuonekana tena nyumbani kwetu, na mama mkwe akaleta michembe mitupu. Vidonge vya magoti vilibadilishwa na nesi, akampa vingine vya kumeza kwa kipimo, kwa idhini ya daktari. Siku makohozi yalipopimwa mara ya mwisho na kuonekana safi, nesi alimpigia makofi kituo kizima kikasikia.

Hashuki tena chini. Daktari alisema mapafu yake yameshapokea vumbi la kutosha. Sasa yuko mdomoni mwa duara, anasimamia kamba na kumwagia maji mawe yasitoe vumbi. Alidhani wenzake watamdharau, lakini hakuna aliyemdharau.

Yule mwenzake wa kamba ndiye aliyemsumbua roho. Bado alikuwa anakohoa, amebaki mifupa. Mume wangu alimfuata kazini, akamfuata nyumbani, akamfuata hata kwenye pombe. Hakumwambia dawa ni tamu. Nilisikia siku moja wakiongea nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa na mkojo ule ule," mume wangu alisema. "Nikaogopa kama wewe. Halafu yakanipata makubwa kuliko yako, macho yakawa ya manjano, nikalazwa. Na nimepona. Uliogopa kitu kidogo ukakimbia. Mimi kikubwa kilinikuta nikiwa na watu wa kuwauliza."

"Na wakinigombeza kwa kuwa niliacha?"

"Watakugombeza. Halafu watakupima. Twende, nitakaa karibu yako."

Walikwenda. Nesi hakugombeza sana. Alimwambia kwamba kwa kuwa aliacha katikati, atapimwa kipimo cha zaidi, kwani vijidudu vinaweza kuwa vimezizoea zile dawa. Alipimwa, akaanzishiwa dawa, na msimamizi wake aliyeandikwa ni mume wangu. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nawaona wawili wale barazani kwetu, mmoja anameza, mwingine anamtazama koo kama mtu anayemtazama kuku akimeza punje.

Mwaka huu nesi aliomba kuzungumza na wachimbaji pale maduarani, mchana wakati wa chakula, na akamwomba mume wangu aseme mawili matatu. Nilikwenda. Nilisimama nyuma na wanawake wanaouza chakula. Alisimama juu ya rundo la mawe, akaeleza mkojo, akaeleza miguu, akaeleza macho. Hakujipamba. Alisema hata kwamba alilia. Wanaume walikuwa wametulia, sahani mikononi.

Halafu mmoja akanyoosha mkono. "Mke wangu anameza dawa za presha. Tangu abadilishiwe, miguu inamvimba. Aache?"

Nilimtazama mume wangu. Watu wote walikuwa wanamngoja, na nilijua angeweza kusema lolote pale, na wangeliamini.

"Sijui," akasema. "Hizo sijawahi kumeza. Asiache peke yake, na asinyamaze. Kesho aende na vidonge vyake vyote mkononi, aseme miguu imeanza kuvimba lini. Au nesi huyu hapa, muulize sasa hivi."

Nesi akasogea mbele, akaanza kumwuliza yule mtu maswali. Mume wangu akashuka kwenye mawe, akawapisha.

Mama mmoja aliyekuwa anachota maharage kando yangu, mgeni pale, akaniuliza, "Yule aliyekuwa anaongea ni nani? Ni daktari?"

"Ni mume wangu," nikasema, na nikasema kwa sauti iliyofika mpaka mbele, maana nilimwona akigeuka.